Mahali Mbao Zinapokutana: historia fupi kwa anayetaka kutengeneza mtumbwi

Kila baada ya mavuno ya mpunga na pamba kuna swali ambalo hunifikia mara nyingi kuliko swali la mbolea: "Afisa, nataka kutengeneza mtumbwi wangu, ninunue mbao gani?" Anayeuliza aghalabu si mvuvi wa kuzaliwa. Ni mkulima mwenye shamba linalogusa maji, au mama anayenunua dagaa mwaloni na amechoka kukodi chombo cha mtu. Na tangu vijana waanze kuona kwenye simu zile boti ndogo za Ulaya ambazo ubao mmoja unaulalia mwenzake kama mabati ya paa, swali limepata mkia: je, boti za namna hiyo tunaweza kuzitengeneza hapa Misungwi, nyumbani, kwa mbao za miti tuliyopanda wenyewe?

Nitakujibu, ila nakuomba tupitie historia ya ghuba yetu kwanza, maana swali la mbao gani ni la pili. La kwanza ni mbao zitakutana vipi. Ubao mzima hauvuji. Maji huingia pale unapokutana na ubao mwingine, na karibu kila kilichotokea katika ujenzi wa vyombo vya ziwa hili kinahusu pale.

Anza na mtumbwi wenyewe, bwato. Mti mmoja, shoka, tezo na moto. Huo hauna kiungo hata kimoja, na ndiyo sababu umedumu. Ubaya wake ni kwamba ukubwa wa chombo ni ukubwa wa mti, na mti mkubwa ukiisha kijijini, chombo kikubwa nacho kimeisha. Leo huku kwetu tunaita "mtumbwi" hata chombo cha mbao ishirini na misumari kilo kadhaa. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Mwingereza Speke alipopita katika nchi hii ya Usukuma na kuliona ziwa kutoka Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alitaka kuvuka hadi Ukerewe na hakupata chombo cha kumvusha.

Vyombo vikubwa vilikuwa upande wa kaskazini. Watu wa visiwa vya Sese, katika Buganda, walikuwa wamevuka mpaka wa mti mmoja. Walichonga gogo refu likawa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mbele wakaliacha litokeze kama mdomo wa ndege. Juu yake waliinua mbao zilizochongwa kwa tezo, si kwa msumeno, wakatoboa matundu pembezoni na kuzishona kwa nyuzi za mimea. Hakuna msumari hata mmoja. Mbele kabisa waliweka pembe za swala kwa pambo. Stanley, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, alipima mkubwa kuliko yote aliyouona: futi 72, ambazo ni karibu mita 22, na wapiga makasia 64. Pima kwa hatua uwanjani kwako uone mita 22 ni kiasi gani, kisha fikiria chombo chote kimeshikwa kwa uzi.

Kushona mbao si jambo la ziwani tu. Watu wa pwani upande wa Lamu walikuwa na mtepe, jahazi zima lililoshonwa kwa kamba za nazi, na ulisafiri baharini hadi karne iliyopita. Hapa na pale, kiungo kilifanya kazi kwa namna ile ile. Uzi unakubali kulegea kidogo wimbi linapopiga, kwa hiyo chombo hunyumbulika badala ya kupasuka. Lakini uzi huoza. Mwenye chombo cha kushona alijua tangu siku ya kwanza kwamba kiungo chake kina umri, na kwamba atakifungua na kukishona upya. Kazi ya chombo haikuisha siku ya kukiingiza majini. Na kwenye safari palikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kupiga maji tu, naye hakuwa ishara kwamba chombo ni kibovu.

Vyombo hivyo vya Sese vilifika hadi kwetu. Vilileta wafanyabiashara, pembe za ndovu na watumwa kutoka Buganda hadi Kageye, iliyo Magu ya leo, na kurudi na nguo na bunduki. Vilipita pia kwenye ghuba hii ya Mwanza. Mapadre Weupe walioondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakaanzisha misheni yao Bukumbi mwaka 1883. Ndiyo Bukumbi hii hii ya hospitali na shule ya wasichana, katika wilaya yetu. Kabaka Mwanga naye, alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbilia kusini kwa mtumbwi na hatimaye akahifadhiwa na mapadre hao hao. Aliporudi kudai kiti chake mwaka 1889 alichukuliwa kwa chombo cha tanga cha Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland. Mtoto wako akisoma historia ya Uganda, mwambie sehemu yake moja ilipangwa Bukumbi.

Sasa tuje kwenye vyombo vilivyokuja na teknolojia nyingine, kwa njia ya ajabu kidogo: vilikuja kwa miguu, vimebebwa na wapagazi kutoka pwani. Stanley aliagiza boti Uingereza iitwayo Lady Alice, urefu futi 40, upana futi 6, ikatenganishwa vipande vitano vya futi 8 kila kimoja. Mbao zake zilikuwa za mseda, unene wa robo tatu ya nusu inchi, yaani chini ya sentimita moja. Hata hivyo vipande vilikuwa vizito mno kwa wapagazi, ikabidi vikatwe upya Zanzibar. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874, ukafika Kageye tarehe 27 Februari 1875, na boti ikaingia majini tarehe 8 Machi. Kwa miezi miwili hivi ililizunguka ziwa lote. Sifa zote huenda kwa Stanley, lakini mtu aliyebeba pande la boti mabegani kwa zaidi ya miezi mitatu, kutoka Bagamoyo hadi Usukuma, ndiye aliyeifikisha.

Boti ya pili iliyoletwa hivyo ndiyo yenye somo kwetu. Iliitwa Daisy, na ililetwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Waliiunganisha Kageye mwaka 1877 ikavuka hadi Buganda. Katika mwaka huo huo kule Ukerewe palikuwa na mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akijenga jahazi, na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, walishughulika naye kuhusu chombo hicho. Palitokea madai kati ya Songoro na mfalme Lukonge wa Ukerewe, Songoro akakimbilia kambini kwa wamisionari, nao wakakataa kumtoa. Desemba 1877 wote watatu waliuawa. Kwa wafanyabiashara wanaosoma hapa: jahazi linaweza kuwa zuri na madai yake yakaua watu. Malipo ya mbao na ya fundi yaandikwe na kumalizwa kabla chombo hakijaguswa na maji.

Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskochi, alifika Kageye katikati ya 1878 na kuikuta Daisy iko nchi kavu, haina mwenyewe wa kuitunza. Jua lilikuwa limepinda na kufungua mbao, mchwa wamekula, na kiboko ametafuna ubavu. Soma tena orodha hiyo. Hakuna wimbi ndani yake. Chombo kilikuwa kimekufa ufukweni, kwa kukaa. Mackay aliziba, akapaka, akaondoka na mwenzake kuelekea Buganda. Dhoruba ikawakamata, boti ikatupwa pwani ya magharibi na kuvunjika mbele na nyuma.

Hapo Mackay alifanya jambo ambalo kila fundi wa mwaloni ataliheshimu. Boti ilikuwa imevunjika ncha zote mbili lakini katikati ilikuwa nzima. Hakuwa na mbao nyingine. Basi akakata futi 8 za katikati, akazipasua kuwa mbao za viraka, akatengeneza kwazo omo na tezi, kisha akasogeza pande mbili na kuziunganisha. Kazi ilichukua wiki nane. Boti ilitoka fupi, lakini ilitoka inaelea, na ikawafikisha Buganda mwezi Novemba. Mimi humtaja Mackay kila ninapomwona mtu anataka kuchoma mtumbwi wa zamani kuwa kuni. Kabla ya kuuchoma, angalia ni sehemu gani bado ina mbao nzima.

Miaka yake ya mwisho Mackay aliishi Usambiro, kusini mwa ghuba hii yetu, baada ya kuondoka Buganda mwaka 1887. Stanley alipopita hapo Agosti 1889 alimkuta ana karakana, boila la mashua ya mvuke aliyokuwa akiijenga, na shimo la kupasulia mbao ambamo vijana wa huku walikuwa wakivuta msumeno. Huo ndio msumeno ule ule wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, ambao wazee wetu wameutumia mpaka msumeno wa mashine ulipoingia. Mackay alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890 bila kuiona mashua ile ikielea. Nadhani alichoacha kusini mwa ziwa kilicho na maana zaidi ni wale vijana wa shimoni, waliojua kutoa ubao ulionyooka kwenye gogo. Huwezi kujenga kwa misumari kama huna ubao ulionyooka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na ya kwetu kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, ikipita Fela katika wilaya hii. Misumari, bati, rangi na turubai vikawa bidhaa za dukani. Katika miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 Uganda, na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wote wa visiwa vya Sese kufikia 1909. Mafundi wa kushona wakatawanyika. Jina la Sese likabaki: hata leo ukisoma takwimu za uvuvi za ziwa hili utakuta vyombo vimegawanywa kuwa "sese" wenye ncha mbili na "sese" wenye nyuma bapa. Nyuma bapa ni kwa ajili ya injini, na ilienea sana sangara alipoanza kulipa. Lakini kiungo si cha Sese tena. Mbao zinakaa ukingo kwa ukingo, zinapigiliwa kwenye mataruma, upenyo unajazwa pamba kwa patasi butu, ndiyo kukalafati, kisha juu yake unapigiliwa ukanda mwembamba wa bati.

Ukanda wa bati ni ubunifu mzuri wa ziwani, siudharau hata kidogo. Una kosa moja: unaficha. Aliyekuwa na chombo cha kushona aliona uzi wake ukichakaa. Wewe huoni pamba iliyooza wala msumari uliolika chini ya bati. Msumari umetufanya tuamini kwamba kiungo ni cha kudumu, na ile desturi ya kufungua na kushona upya imetutoka. Mitumbwi mingi ninayoona imetelekezwa mwaloni ina mbao nzima. Viungo ndivyo vimekufa, na mwenyewe ameshaenda kukopa kununua mbao mpya za chombo kingine.

Basi tufike kwenye zile boti za kwenye simu. Namna hiyo ya kulaliza ubao juu ya ubao ni ya kale sana Ulaya ya kaskazini. Boti ya Nydam, iliyochimbuliwa Denmark mwaka 1863, ni ya mbao za mwaloni zilizolaliana na kufungwa kwa misumari ya chuma, na miti yake ilikatwa karibu na mwaka 320. Desturi hiyo bado hai Norway na kwa majirani zake, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kazi yenyewe, ukiiangalia vizuri, inafanana na ya Sese kuliko ya mitumbwi yetu ya sasa. Fundi huanza na mkuku, omo na tezi. Kisha ubao wa kwanza hushikwa kwenye mkuku, wa pili huulalia wa kwanza kwa upana wa vidole viwili hivi, na misumari hupita katika mbao zote mbili kwenye ule ulalo. Ncha ikitokeza ndani, hukunjwa irudi kwenye ubao, au hukatwa na kufuliwa juu ya kibati kidogo cha duara cha shaba. Ganda linakamilika kwanza, mataruma yanafuata baadaye. Nguvu iko kwenye ganda, na kila ulalo ni kama mbavu ndefu inayotoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo ubao unaweza kuwa mwembamba: kwa boti ya mita 4, sentimita moja au zaidi kidogo yatosha. Mbao chache, uzito mdogo, watu wawili wanaibeba. Kiungo hakitegemei pamba wala bati. Kinategemea mbao mbili kugusana sawasawa na kuvimba zikilowa.

Kwa hesabu hiyo, wazo la vijana si la mzaha. Mninga na mvule ni ghali na kuvipata kihalali kunahitaji vibali. Boti inayokula mbao nyembamba inaweza kutoka kwenye miti michache. Ila nina mashaka matatu, na nitayasema wazi.

La kwanza ni jua. Kumbuka Daisy. Boti ya mbao nyembamba zinazolaliana ikiachwa wiki tatu mchangani wakati wa kiangazi, mbao zinasinyaa, malalo yanafunguka, na ukirudi unapata kapu. Haifai kwa mtu anayeenda ziwani mara moja kwa mwezi. La pili ni miti yenyewe. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka na kujipinda ukikauka haraka, na ubao uliojipinda hauwezi kulaliana na mwenzake. Mgrivea ni rahisi kufanyia kazi lakini hauvumilii kuloa na kukauka kwa miaka mingi. Mbao zozote uzitakazo, zipange kivulini zikiwa na vijiti kati yake, kwa miezi, si kwa wiki. La tatu ni mawe yetu. Ukilalisha mbao, kingo zake zinatokeza, na kuburuta juu ya mawe ya pwani ya Mwanza kunazila. Ubao wa katikati ukipasuka, kuubadilisha ni kazi kubwa kuliko kwenye mtumbwi wa kawaida, na mafundi wetu wengi hawajawahi kuifanya.

Ushauri wangu kwa sasa ni huu. Kama unataka chombo cha kwenda kutega nyavu chache karibu, kuangalia vizimba vya samaki au kuvuka na mizigo midogo penye maji tulivu, boti ya mita 4 ya mbao zinazolaliana inastahili kujaribiwa, na ingekuwa vema kikundi kikajenga moja kabla kila mtu hajajenga yake. Kama unataka chombo cha dagaa cha mita 8 chenye injini na taa, kinachotoka usiku kwenye mawimbi, jenga cha ukingo kwa ukingo ambacho fundi wa mwaloni wako anajua kukitengeneza saa sita usiku. Chombo kizuri ambacho hakuna wa kukirekebisha ni hasara ya mwaka wa pili.

Vyovyote utakavyojenga, fundi akikupa bei, muulize kuhusu kiungo kabla ya kuuliza kuhusu ubao. Atatumia msumari uliopakwa zinki au wa kawaida? Ncha anazikunja au anaziacha? Pamba anailowesha kwa nini, na ataifungua tena lini? Asiyeweza kujibu swali la mwisho anakuuzia mbao tu. Na usisahau kwamba chombo cha uvuvi husajiliwa na hukatiwa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003; mwone afisa uvuvi wa kata yako kabla, si baada ya kukamatwa.

Ziwa letu lina nafuu moja: halina yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye huwalazimu watu wa pwani kupitisha moto chini ya majahazi yao. Adui zetu wako nchi kavu. Chombo kikipumzika, kiinue juu ya mawe ili mchwa wasikifikie, kifunike kwa nyasi au matawi badala ya kukiacha juani, na kila kiangazi ng'oa ukanda mmoja wa bati kila upande uchungulie pamba iliyo chini. Ukikuta imekuwa nyeusi na inakatika kwa kucha, fungua na nyingine. Kikiwa kimekaa muda mrefu, usikiingize majini siku ya safari: kizamishe kwenye maji ya magotini kwa siku mbili au tatu mbao zivimbe, kisha kitoe, kitazame kikichuruzika maji ya ndani, na utie alama ya mkaa pale yanapotokea.